Baiskeli ya Kukunja na Goti la Mwalimu

Siku mliponiaga mlinitaka niseme maneno mawili matatu, nikakataa, mkadhani nimeshikwa na haya. Sikuwa na haya. Maneno niliyokuwa nayo kifuani hayakufaa kusemwa mbele ya keki. Sasa niko nyumbani Kuze, hakuna anayenikatiza isipokuwa jirani anayekuja kuazima ngazi, kwa hiyo nitayaandika. Rehema, wewe ndiye uliyekikalia kiti changu pale karakanani, basi wasomee wenzako. Msitafute humu habari za vyeo. Hazikumsaidia mtu yeyote kutembea.

Niliingia karakana ya viungo bandia nikiwa msichana mwenye kucha ndefu. Babu wa babangu alitoka Kachi, kule Bara Hindi, na tangu wakati huo watu wa nyumba yetu wamekuwa wakisimama nyuma ya kaunta wakiuza masufuria. Babangu alitaka nami nisimame hapo hapo. Mimi nikaona tangazo la hospitali kwamba watafutwa wanagenzi wenye mikono mizuri, nikaenda na mikono yangu.

Aliyenipokea ni Fundi Mwachiro, Mrabai mwembamba, mzee wa kanisa, aliyekuwa akizungumza na plasta kama mtu anayembembeleza mtoto. Hakunionyesha vifaa wala hakunitembeza. Aliniuliza, "Wataka kutengeneza miguu?"

"Ndiyo, Fundi."

"Basi kwanza poteza mmoja."

Alinikunja mguu wa kulia, akaufunga kwa mshipi, akanisimamisha juu ya gongo lililokuwa na kikombe cha mbao kwa juu, akaniambia nizunguke karakana. Nilizunguka nikishika kuta. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nalia waziwazi.

"Pauma wapi?" akauliza.

"Hapa. Chini ya goti."

"Basi hapo ndipo utakapopaangalia maisha yako yote."

Kila nilichowafundisha ninyi kilitoka kwake. Kukishika kigutu kwa mikono miwili kabla ya kukitazama. Kumwacha mgonjwa amalize kusema uongo kuhusu alivyoutumia mguu, kisha kusoma ukweli kwenye soli ya kiatu. Kutoamini mguu unaong'aa. Na juu ya yote, goti. "Daktari akikuuliza akate wapi," alikuwa akisema, "muombe akuachie goti. Muombe kama unayeombea roho. Mwenye goti lake hupanda ngazi, huswali, huchuchumaa akapepeta mchele. Asiye nalo huanza kujifunza kutembea kama mtoto, na watu hawana subira na mtoto wa miaka arubaini."

Wakati ule tulikuwa tukiwafuata wagonjwa bara kwa treni ya zamani. Fundi Mwachiro alikuwa na baiskeli nyeusi nzito. Tukifika stesheni aliikabidhi kwenye behewa la mizigo, karani akafunga kikaratasi kwenye usukani, basi. Tukishuka Voi aliipanda, mimi nyuma kwenye keria, miguu ya watu imefungwa kwenye gunia mapajani mwangu. Mbwa wa vijiji vyote walitujua. Hakuna hata siku moja mtu aliyetuuliza kama baiskeli ni baiskeli.

Fundi akastaafu, akafariki. Treni ya zamani nayo ikaondoka, ikaja mpya. Ni nzuri, sisemi si nzuri. Yafika upesi na ina choo kisafi. Lakini haina pa kukabidhi baiskeli, na vituo vyake vimejengwa mbali na watu, kana kwamba wasafiri ni wageni wa kuzuiwa nje ya mji. Hospitali haikuwa na gari la kutupeleka. Kila aliyenishauri alisema, "Panda bodaboda, Bi Nasim." Wengi kati ya wale niliowaundia miguu miaka yangu ya mwisho walivunjwa na bodaboda. Niliwajua kwa majina na kwa vigutu vyao. Sikuwa tayari kupanda nyuma ya mmoja nikiwa nimemshikia mwathiriwa wake mguu mpya.

Ndipo nilipoipata baiskeli ya kukunja. Ilikuwa Shimanzi, kwenye ghala moja linalofungua makontena ya vitu vikuukuu kutoka ng'ambo, imelazwa kati ya majokofu. Rangi yake ya kijani cha chupa, magurudumu madogo kama ya kigari cha mtoto. Mwenye ghala aliifungua na kuikunja mbele yangu akicheka, kwa kuwa hakuamini kuna mtu Mombasa atakayeitaka. Niliipanda kutoka pale hadi Kuze, malori yakinipigia honi njia nzima. Mtaani wanawake wawili waliacha kuongea nilipopita. Mamangu, Mola amrehemu, aliutazama mguu wa shalwari yangu, akaitazama na baiskeli, akasema, "Vazi letu limekuwa likiingojea hiyo tangu zamani."

Ikikunjwa haikuwa kubwa kuliko sanduku la mwanafunzi wa bweni. Niliipima kwa utepe wa fundi cherehani, nikailinganisha na kile kibao cha stesheni kinachoonyesha ukubwa wa mzigo wa mkononi. Ilitosha, na nafasi ikabaki. Ndani ya behewa ilikaa nyuma ya kiti cha mwisho, kwenye ile nafasi karibu na ukuta ambayo haina kazi nyingine duniani. Safari za mwanzo walinzi waliipenda. Mmoja, kijana mcheshi, alinitaka niikunje mara mbili, kwa raha yake tu. Kwa hiyo msiniambie kulikuwa na sheria. Sheria haipumziki siku ya huyu ikaamka siku ya yule.

Sasa nije kwa Mwalimu Mkamburi.

Mkamburi alikuwa mwalimu wa watoto wa chekechea katika kijiji kimoja nje ya Voi. Bodaboda ilimwangusha akienda kazini, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Daktari alimwachia goti zuri, na mimi nilimuundia mguu wa kwanza. Alifundisha akiwa nao miaka kadhaa. Alikuwa akiketi mkekani na watoto, akiinuka bila kushika kitu, na watoto wapya walichukua muda kugundua. Wakigundua aliwaruhusu waugonge. "Waugonge mara moja waridhike," aliniambia, "kisha tusome."

Kikombe cha mguu ule, kile kinachokipokea kigutu, kikapasuka. Akakifunga kwa mpira wa tyubu ya gari, akanipigia simu. Alikuja Mombasa, nikachukua umbo la kigutu kwa bandeji za plasta, akarudi kwao kungoja. Wakati huo mwalimu mkuu, mtu ambaye ningependa kumtaja jina ila nimejizuia, alimwambia hivi: shule ikifunguliwa, kama hasimami vizuri, darasa atapewa mwingine. Magongo hayafai mbele ya watoto, eti yatawatisha.

Nilifanya kazi ile kwa haraka lakini sikuiharibu. Plastiki niliipasha kwenye tanuri mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ilifanya kiputo. Siku moja kabla ya shule kufunguliwa mguu ulikuwa tayari, nami nikaenda kituoni asubuhi, mguu umefungwa mgongoni, baiskeli mkononi. Nilikusudia kumvisha, kumtembeza, kurekebisha skrubu, na kumwacha alale akijua kesho atasimama.

Mnajua utaratibu wa pale. Mizigo hupangwa mstari chini, mbwa hupita wakiinusa, kisha hupitishwa kwenye mashine. Mbwa walininusia baiskeli wakaendelea na safari yao. Kwenye mashine mlinzi akainua mkono. Sikuwahi kumwona kabla.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni baiskeli ya kukunja. Mzigo wa mkononi."

"Baiskeli haziruhusiwi."

"Imekunjwa, mwanangu. Kibao kile pale, pima."

"Hata ikikunjwa ni baiskeli."

"Na mwavuli ukikunjwa? Hauruhusiwi?"

Nyuma yangu mtu akacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuharibia, kwa maana mlinzi alikunja uso, akasema amwite mkubwa wake. Mkubwa wake hakuja upesi. Nikawekwa kando. Wakapita wenye magunia, akapita mama mwenye televisheni, akapita bwana mmoja na mfuko wa vijiti vya gofu mrefu kunipita mimi. Huyo wa gofu alisaidiwa kuubeba.

Nikamwambia mlinzi, "Basi nawaachia baiskeli. Iweke hapo, ntaichukua nikirudi. Nna mgonjwa aningojea."

"Haturuhusiwi kukaa na mzigo usio na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Ukiingia, utakuwa umeuacha."

Hilo nalirudia ili mjue sikulibuni. Nikiingia nayo ni kosa, nikiiacha ni kosa. Nilimfungulia mguu nikamwonyesha. Nilimwambia kuna mwalimu, kuna shule kesho. Aliutazama mguu kwa heshima kabisa, akasema, "Huo waweza kuingia nao, mama. Shida ni baiskeli." Nikaivuta baiskeli nikaibwaga nje ya mlango, kwenye maua yao, nikarudi mbio. Lango la jukwaa lilikuwa limefungwa. Treni nilisikia ikiondoka, kuiona sikuiona.

Nikaiokota baiskeli yangu, nikakimbilia mabasi. Ni siku ya wanafunzi kurudi shuleni, kila basi limejaa masanduku na magodoro. Makarani wote walinijibu kesho. Nikampigia Mkamburi nikiwa nimesimama kando ya barabara, jasho likinitiririka.

"Mwalimu, nimezuiwa. Sifiki leo. Ntafika kesho. Usiende shule kesho, nakuomba."

"Bi Nasim, nisipokwenda kesho, kesho kutwa darasa lina mwenyewe."

"Huo mguu wa zamani utakukata."

"Ntakaa kitini."

"Wewe hukai kitini. Nakujua."

"Ntajaribu," akasema. Alikuwa mpole. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele.

Kesho yake nilifika kwa basi alasiri. Nilimkuta nyumbani kwa mamake, ukumbini, mguu wa zamani umeegemezwa ukutani na soksi ya kigutu imeloweka ndani ya beseni. Maji yalikuwa mekundu. Alikuwa amesimama siku nzima mbele ya darasa, kwa sababu mwalimu mkuu alikuja kuchungulia dirishani mara kwa mara kuona kama ameketi. Ule ufa wa kikombe ulikuwa umemla ngozi chini ya goti, pale pale Fundi Mwachiro aliponionyesha.

Mguu mpya ulikuwa mzuri. Sikuthubutu kumvisha. Huvishi mguu juu ya kidonda kibichi, na yeyote kati yenu atakayefanya hivyo aache kazi hii akauze masufuria. Nilikisafisha, nikakifunga, nikamwambia apumzike. Alipumzika. Lakini ngozi ya kovu haina damu ya kutosha, haiponi kama ngozi nyingine. Kidonda kikachimba, kikaingia mfupani. Wiki kadhaa baadaye madaktari walimkata tena, safari hii juu ya goti. Nilikuwapo hospitalini. Niliomba kama nilivyofundishwa kuomba, daktari akaniambia kwa upole kwamba hakubakiwa na kitu cha kuacha.

Mkamburi alipozinduka aliuliza jambo moja: "Nitaweza kukaa mkekani?"

Nilimwambia ndiyo. Kisha nikatoka nje nikaupiga teke mlango wa gari la mtu nisiyemjua.

Wako waliosema ni kudura. Mimi namwamini Mungu kuliko wao, na ndiyo sababu simsingizii. Kudura haikusimama pale kwenye mashine ikasema hata ikikunjwa ni baiskeli. Kudura haikuchungulia dirishani. Walikuwa watu wawili, kila mmoja na mamlaka yake madogo, wameyashika kwa mikono miwili kama anayeogopa kunyang'anywa.

Nilirudi kituoni bila baiskeli. Nilichukua ule mguu mpya, uliokuwa haujavaliwa hata mara moja, nikaomba kuonana na mkubwa wa walinzi, yule ambaye siku ile hakuja upesi. Alikuwa mtu mtulivu mwenye miwani. Tuliamkiana vizuri, sabalkheri kwa sabalkheri, habari ya nyumbani. Nikauweka mguu juu ya meza yake, katikati ya karatasi na kikombe chake cha chai.

"Huu ni nini, mama?"

"Ni mguu wa kushoto wa mwalimu wa watoto. Ulitakiwa kufika Voi siku mliyonizuia. Sasa hauwezi kumfaa, kwa kuwa goti uliloundiwa halipo."

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, sitamnyima haki hiyo. Alisema pole, na nadhani alimaanisha. Kisha nikamuuliza, "Kanuni inayokataza baiskeli ya kukunja iko wapi? Nionyeshe, nikaisome kwa macho yangu."

Akahangaika kwenye kiti. "Kwa kweli, mama, kuna mambo yameachiwa uamuzi wa mkaguzi."

"Kwa hiyo haipo."

"Si kwamba haipo..." Akavua miwani, akaifuta. Kisha, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayetoa siri ya kukusaidia, akaniambia: "Lakini mama, ungeitia kwenye mfuko tu. Ikiwa ndani ya mfuko hakuna ambaye angekuuliza."

Nimeishi Mombasa umri wangu wote. Nimetukanwa na madereva wa malori na nimepigiwa kelele na wagonjwa waliokuwa na uchungu. Sijawahi kukasirishwa na neno kama lile. Mfuko! Goti la mtu lilikuwa na thamani ya kipande cha turubai na zipu, na hakuna aliyenong'ona mapema. Nilisimama, na sauti yangu ilitoka ndogo hata mimi mwenyewe nikashangaa.

"Huo mguu kaa nao," nikamwambia. "Umepimwa kwa mtu mmoja tu duniani."

Wiki iliyofuata wakanipigia simu kutoka ofisi ya mizigo iliyosahauliwa. Msichana mwenye sauti tamu akasema, "Kuna mguu wako hapa, mama, tafadhali njoo uuchukue." Nilimwambia mimi miguu yangu ninayo yote miwili. Mwishowe ni wewe, Rehema, uliyeufuata, na ulifanya vyema. Unyayo na bomba vilikuwa vizima, na vikamtembeza mtu mwingine wa Likoni. Kitu kizima hakitupwi kwa sababu mimi nimekasirika.

Na mfuko nilishona. Ndiyo. Fundi cherehani jirani yangu aliushona kwa turubai nyeusi, na baiskeli ile ile, kupitia mlango ule ule, ikapita mbele ya walinzi wale wale, hakuna aliyefungua kinywa. Kila ilipopita hasira zilinipanda upya, kwa maana kila safari ilithibitisha kwamba walichokikataa si baiskeli. Lakini nilikuwa na wagonjwa. Hasira zikaingia mfukoni pamoja na baiskeli tukaenda kazini.

Mkamburi nilimuundia mguu wa goti la chuma. Kumfundisha kulichukua muda mrefu kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kuwa naye, kwa sababu alikataa kujifunza kutembea kwanza. Alitaka kuanza na kukaa chini. Tukaanguka pamoja ukumbini kwa mamake mara nyingi, mama akipiga kelele jikoni, mpaka siku moja akashuka mkekani peke yake, akaukunjua mguu mbele yake, akanitazama juu.

"Mbona walia?" akaniuliza.

"Nawawazia watu fulani."

"Wawazie ukiwa kwenye treni. Hapa nishike mkono, sasa nataka kuinuka."

Shule haikumrudisha. Darasa lilikuwa na mwenyewe, kama alivyosema. Akaanza kufundisha barazani kwa mamake, watoto watatu wa majirani, kisha wakawa wengi hadi mkeka wa pili ukatandikwa. Mwalimu mkuu alikuja siku moja kumtaka arudi, kwa kuwa wazazi walikuwa wakimhoji. Mkamburi alimkaribisha kwa chai, akamkalisha kitini, yeye akaketi mkekani, akamwambia la. Nilipohadithiwa nilitaka kujua kama alimtukana. Hakumtukana. Mpaka leo nasikitika.

Nilipostaafu nilikuachia baiskeli, Rehema, pamoja na alenki, zile funguo za kukaza maungo yake, na maelezo ya breki ya nyuma. Mfuko uliurudisha. Ulisema unaongeza uzito bure na baiskeli si maiti ya kufunikwa. Niliupokea nikausukuma uvunguni.

Kisha asubuhi ile ukanipigia. Nyuma yako nilisikia mbwa akibweka na watu wakinung'unika.

"Bi Nasim, wamenizuia. Wasema ni baiskeli."

"Nawe umesemaje?"

"Nimesema ndiyo, ni baiskeli. Na nimesema sitoki mbele ya mashine mpaka nionyeshwe ilipoandikwa."

"Usitoke," nikakwambia. "Naja."

Sikumbuki kufunga mlango. Nilipata tuktuk nje ya mtaa, nikamwambia dereva kituo cha treni, Miritini, akaniangalia kama niliyemwambia Makka. Shimanzi malori yalikuwa yamesimama mkia kwa pua, nami ndani ya tuktuk nilikuwa nikiyapanga maneno yangu kwa sauti. Nilikuwa nayo yote. Nilimpangia mlinzi yake, nikampangia mkubwa yake, na bwana wa gofu nikamwekea akiba. Dereva akaniuliza kwa woga kama nina kesi.

Nilipofika kituo kilikuwa kitupu. Treni imekwenda. Pale kwenye mashine alikuwa amebaki mlinzi mmoja akifagia, nikamwendea nikihema, kidole kiko juu.

"Yuko wapi binti mwenye baiskeli?"

Akaegemea fagio. "Yule? Ameingia nayo. Watu wote kwenye foleni walikataa kuweka mizigo yao kwenye mashine mpaka apite. Mkubwa akasema apite." Akanitazama juu mpaka chini. "Kwani wewe nani wake, mama?"

Nikasimama pale mbele ya mashine, maneno yote yakiwa kinywani, wala hapakuwa na mtu wa kumpa.